Vijana Kumi na Wanne wa Ukuta Wangu

1 Juni

Mimi Miloud Bouterfas, mchoma chokaa wa Marsa Kerma, nina miaka themanini na mmoja na meno kumi na manane, yote yangu. Wafaransa waliondoka wakaniacha nimesimama. Tetemeko la ardhi liliangusha nyumba ya jirani wa kulia na ya jirani wa kushoto, yangu likaiogopa. Nimezika wake wawili, Mungu awarehemu, na mameya tisa, na daktari aliyeniambia kwamba nikiendelea na kahawa sitafika sabini. Kusoma nimejifunza uzeeni, msikitini, mwanamume peke yangu kati ya akina mama kumi na tisa, nikatoka wa tatu. Wawili walionishinda walinakili kwangu.

Daftari hili ni la kiangazi hiki tu, na lina habari ya ukuta wangu.

Ukuta wangu unatazama barabara iteremkayo baharini, na tangu adhuhuri una kivuli. Kwa hiyo vijana wote wasio na kazi wa mtaa huu huja kuuegemea. Wanaegemea kama vile wakiondoka utaanguka. Huu mwaka wa kumi na tisa nawahesabu kila siku nikirudi na mkate. Leo: kumi na wanne.

Leo jioni, walipokwisha kuondoka, nimeupaka ukuta chokaa mpya. Chumvi sikutia, wala ute wa mpungate, ule mmea wa miiba, sikutia. Chokaa bila hivyo viwili haishiki ukutani, hushika nguo. Tutaonana kesho.

2 Juni

Kumi na wanne. Kufika alasiri, migongo kumi na minne myeupe. Mji mzima umecheka. Nimekunywa kahawa tatu.

3 Juni

Kumi na wanne. Wameleta maboksi, wameyaweka kati ya migongo na ukuta.

5 Juni

Leo amekuja Nacera, binti wa marehemu dada yangu, anayefanya kazi ofisi ya takwimu mjini. Amekuja na makaratasi, na kwa kuwa ni mpwa wangu amekuja pia na njaa. Nikamkaangia sardini, naye akaanza kunihoji huku anakula.

"Mjomba, wiki iliyopita umefanya kazi walau saa moja?"

"Nimepaka ukuta."

"Kwa malipo?"

"Kwa hasira."

Akaandika kitu. Nikamvuta mpaka dirishani nikamwonyesha waliokuwa nje.

"Yule mnene ni Zoubir. Wiki iliyopita alimsaidia baba yake mdogo kuuza limau sokoni, saa moja na nusu hivi."

"Basi ana ajira."

"Ana nini?"

"Ana ajira, Mjomba. Saa moja ya malipo inatosha."

"Alilipwa limau!"

"Limau nalo ni malipo."

Nikaketi kwanza. Nikamwonyesha yule mrefu, Ghalem. Ana shahada ya jiografia, anajua mito yote ya dunia inakokwenda, ila yeye mwenyewe hana pa kwenda. Mwaka wa pili huu yuko ukutani.

"Ametafuta kazi mwezi huu?" akauliza Nacera.

"Aliacha kutafuta tangu mwaka jana. Alichoka."

"Basi huyo hahesabiwi kuwa hana ajira. Hayumo kabisa kwenye nguvu kazi."

"Kwa hiyo yuko wapi?"

"Nje ya hesabu."

"Binti we, yuko nje ya dirisha langu! Mtazame, anakula mbegu za alizeti!"

Nacera alicheka hadi mwiba wa sardini ukamkwama, nikampiga mgongoni. Kisha akanichorea mstari kwenye ukurasa wa daftari hili, uko hapa juu. Mstari unapanda Juni, unasimama Julai na Agosti, unaanguka Septemba. Akasema kila mwaka kazi za vijana zinakwenda hivyo, kama ngamia wa nundu moja. Nikamwambia ngamia huyo mimi namjua tangu yeye ananyonya. Mei kumi na wanne, Julai watatu, Septemba kumi na watano, maana daima mmoja mpya anaongezeka.

6 Juni

Nimeweka dau na Kouider. Kouider ana duka la rangi mkabala na mkahawa, na tumekuwa tukigombana tangu shule ya Kurani. Yeye anauza rangi ya plastiki ya ndoo. Mimi naamini rangi ya plastiki ni kumvalisha mtu koti la mvua na kumwambia apumue.

Alianza yeye, mbele ya watu wote mkahawani: "Miloud, nasikia umepaka migongo. Ukuta umebaki mchafu."

"Septemba huo ukuta hautakuwa na mtu hata mmoja," nikasema.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lakini nikisha kusema kitu, nimekisema.

"Septemba?" Kouider akaweka kikombe chini. "Septemba ndiyo wanarudi wote, mzee mwenzangu! Sema Julai, hata mtoto atakuelewa."

"Tarehe kumi na tano Septemba. Akiwepo mmoja, upake ukuta wangu rangi yako ya waridi. Asipokuwepo, duka lako la rangi linapakwa chokaa, mbele yote, na bango pia."

Mkahawa ulipiga makofi. Nimerudi nyumbani nikiwa na raha sana, na sijui hata kidogo nitafanyaje.

11 Juni

Kumi na mmoja. Watatu wana mtihani wa mwisho wa sekondari.

14 Juni

Kumi na mmoja.

20 Juni

Sita. Pwani imefunguliwa. Wanne wanabeba miavuli na viti vya kukodisha, na waliofanya mtihani wanaosha vyombo kwenye vibanda vya samaki. Zoubir anaelekeza magari yaegeshwe wapi, kwa filimbi aliyoinunua mwenyewe.

27 Juni

Joto. Sita. Mbwa wa Kouider amelala kwenye kivuli cha ukuta wangu. Sikumhesabu.

5 Julai

Sikukuu ya Uhuru. Watatu. Baruti na kelele. Niliwaambia hao watatu nilikuwa wapi siku ile ya kwanza, mwaka ule, na nilipaka nini cheupe. Walisikiliza vizuri. Hawakuwa na pa kukimbilia.

9 Julai

Leo kumetokea jambo. Ghalem amegonga mlango.

Nilidhani amekuja kuomba maji. Akasimama huku akitazama viatu vyake, kisha akasema: "Ami Miloud, chokaa ya nyumba ya bibi yangu ina miaka sita na haishiki nguo. Ya kwako imeshika nguo siku ya kwanza. Ulikosea, au ulifanya makusudi?"

"Mimi nikosee? Wewe!"

"Basi ulifanya makusudi. Ulipunguza nini?"

Miaka kumi na tisa watu wanaegemea ukuta huu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali kuhusu ukuta. Nikamtazama vizuri mara ya kwanza. Ana mikono mirefu. Mikono mirefu ni mali kwa mtu wa brashi.

Nikampeleka uani, nikafunua mbao za shimo. Humo chokaa yangu imelala chini ya maji miaka miwili, laini kama jibini changa. Nilipoacha kazi sikuwa na moyo wa kuitupa. Ghalem akatia kidole.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kungoja," nikasema. Jibu zuri. Limenijia lenyewe.

14 Julai

Bi Mokhtaria, mtunza kuba la Sidi Djelloul, kaburi la walii wetu kule mlimani, ametangaza waada, sikukuu ya walii, kuwa Alhamisi ya mwisho ya Agosti. Kuba limepauka. Mara ya mwisho lilipakwa rangi ya plastiki ya Kouider, na sasa linabanduka kama ngozi ya aliyelala juani. Kouider ameomba apewe tena. Nami nimeomba.

"Wewe na nani, Miloud?" akauliza Bi Mokhtaria. Mama huyu ana miaka sabini na sita na huniita Miloud kama anayeita paka.

"Mimi na washika ukuta wangu."

Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Wajukuu zangu wawili wamo ukutani kwako," akasema. "Haya. Lakini Alhamisi kukipambazuka kuba halijawa jeupe, Kouider anapaka siku hiyo hiyo, na wewe na chokaa yako msinijie tena. Si wewe, si vijana."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoona mbali. Toka hapa mpaka milimani yako makuba mengi, na watunzaji wake wote huja kwenye waada. Wakiliona letu jeupe, watataka. Chokaa haipendi jua kali, hukauka kabla haijashika. Wakati wake ni vuli, kuanzia pale miavuli ya pwani inapofungwa. Yaani kazi yangu inaanza siku ambayo ngamia wa Nacera anashuka nundu. Nilikuwa nayajua yote mawili maisha yangu yote, na leo tu ndiyo yamekutana kichwani.

Kuba hili likiharibika, Septemba ni ukutani. Likifaulu, kuna kazi. Hakuna la tatu.

22 Julai

Watatu ukutani, saba uani kwangu alfajiri kabla ya kwenda pwani. Nimewafundisha kukata mpungate bila kuchomwa. Sita wamechomwa.

30 Julai

Joto la kuua. Leo sikutoka kuhesabu.

8 Agosti

Kwa desturi, kila nyumba hutoa kibaba cha chumvi cha kutia kwenye chokaa ya walii. Zoubir amezunguka na gunia na filimbi yake. Nyumba zote zimetoa. Kouider amemwambia chumvi yake iko kwenye supu.

Zoubir huyu nilimwita mvivu mwaka jana, na mwaka juzi, na humu nimemwandika mnene tu. Amepanda ngazi za mtaa wa juu mara tatu kwenye jua la saa saba na gunia mabegani. Nimeandika ili ijulikane.

17 Agosti

Kumi uani. Ndugu zetu wa Ufaransa wamerudi likizo, wamejaa mjini, magari yamebeba magodoro juu. Kila harusi ina ngoma. Wananisimamisha njiani: "Ami Miloud, ni kweli utapaka kuba na wale?" Nawajibu waje kuona.

26 Agosti

Tumekwangua rangi ya plastiki yote. Chini yake jiwe lilikuwa limelowa, linatoa jasho miaka sita. Nimemwonyesha Ghalem. Akasema, "Maskini." Kijana huyu anafaa.

27 Agosti

Mkono wa kwanza wa chokaa, yaani tabaka la kwanza, umeanza. Niliwawekea mchanganyiko mwenyewe, nikawaambia wapake nyembamba, nikashuka mkahawani ambako ndugu wa Ufaransa walikuwa wanataka kusikia habari za kazi zangu za zamani. Zilikuwa nyingi.

28 Agosti

Leo si siku ya kuandika, ila naandika.

Asubuhi nimepanda mlimani nikakuta vijana wote wameketi chini. Chokaa ya kuba ilikuwa imepasuka kila mahali. Nikagusa kwa kidole, kipande kikubwa kama sahani kikaanguka, kama ganda la yai la kuchemsha. Nusu ya kuba ikaja nacho. Chokaa nene, tabaka juu ya tabaka, unene wa kidole.

Nilipiga kelele. Majina niliyowaita sitayaandika, mpwa wangu husoma daftari hili. Nikauliza nani amefanya. Zoubir akasimama. Mashavu yake yalikuwa na chokaa na machozi, mistari miwili.

"Mimi, Ami. Tulipaka nyembamba kama ulivyosema. Ikawa kama maji ya kuoshea vyombo! Haionekani kitu, jiwe linaonekana vile vile. Watu wa Ufaransa wakasimama chini wakacheka, wakapiga picha. Wakasema wazee wamewauzia maji. Nikadhani umekosea vipimo. Nikasema tuongeze. Tukaongeza, bado kijivu. Tukaongeza tena."

"Saa ngapi?"

"Adhuhuri."

"Juani?"

"Juani, Ami."

Nikafungua mdomo nimwite jina jingine, ndipo Ghalem akasema, polepole, bila kunitazama: "Ami Miloud, hukutuambia."

"Sikuwaambia nini?"

"Kwamba ikipakwa haionekani. Kwamba weupe unakuja kesho yake. Jana usiku bibi yangu ndiye aliyeniambia. Alishangaa hatujui. Akasema kila mtu wa zamani anajua."

Hapo nikakaa chini nami.

Kwa sababu ni kweli. Chokaa iliyopakwa vizuri, ikiwa mbichi, ni kama maji machafu. Mtu anaiacha, analala, na asubuhi inang'aa yenyewe. Hawa wamezaliwa na ndoo za Kouider, wamezoea rangi inayoonekana papo hapo. Wangejuaje? Mimi sikuwaambia kwa kuwa fundi wangu hakuniambia. Alinificha miaka mitatu, nikaiba kwa macho. Nami nilitaka siku ya kwanza waone muujiza asubuhi, waseme, huyu Miloud ana siri. Nilikuwa nataka nishangiliwe. Na wao walipokuwa wanachekwa hapa juu, mimi nilikuwa chini nakunywa kahawa nashangiliwa tayari.

Nikawaambia. Nikawaambia yote niliyokuwa nayo, siri zote, mpaka ile ya kulowesha jiwe mara mbili kabla, mpaka ile ya chumvi kutiwa mwisho, mpaka ya kivuli. Hakuna fundi wa Marsa Kerma aliyewahi kuitoa ile ya kivuli: kuba lina upande wenye jua na upande wenye kivuli, na kivuli kinazunguka. Ufuate kivuli. Asubuhi paka magharibi, alasiri paka mashariki, usipigane na jua hata dakika moja.

"Basi tu?" akasema Zoubir. "Hiyo ndiyo siri ya miaka sitini?"

"Ndiyo hiyo, mnene we. Sasa unayo. Simama."

Tulikuwa na siku tatu na tabaka zote za kukwangua. Ngazi zetu mbili hazitoshi. Bi Mokhtaria alikuwa mlangoni mwa kuba na mikono kiunoni. Na nani alikuwa anapanda njia na mkokoteni? Kouider, na ndoo kumi na mbili za plastiki.

Vijana wakaacha kazi wakamtazama. Akafika, akavuta pumzi, akaangalia kuba, akaniangalia mimi.

"Miloud, umefanya uchafu."

"Alhamisi haijafika. Rudi na ndoo zako."

"Ndoo ni za Alhamisi. Nimekuja mapema kupata mahali pa kivuli." Kisha akafunua mkokoteni. Chini ya ndoo kulikuwa na ngazi tatu ndefu za dukani kwake, za alumini, na kibaba cha chumvi kimefungwa kwenye gazeti.

"Ya nini hii?" nikasema.

"Nikikushinda umelala chini, haina ladha. Inuka kwanza, halafu nikushinde."

Nikachukua ngazi.

Nimepanda kuba. Miaka themanini na mmoja, nimepanda. Ghalem amenifunga kamba kiunoni akaishika mwenyewe, nami nimekwangua kileleni ambako wao hawafiki bila kuogopa. Bi Mokhtaria alipiga kelele nishuke. Sikusikia, upande ule sikio langu halisikii ninapotaka. Mpaka magharibi jiwe lote lilikuwa safi na limelowa.

29 Agosti

Mkono wa kwanza. Kijivu. Ndugu wa Ufaransa wamecheka tena. Zoubir amewapulizia filimbi akawaambia: "Rudini kesho asubuhi, leo bado tunauza maji."

30 Agosti

Kuba limeamka jeupe kidogo. Mkono wa pili kufuata kivuli. Wa tatu alasiri. Kijivu. Hakuna aliyecheka. Wote kumi na wanne walikuwepo, hata waliotakiwa pwani. Mwenye miavuli amewafukuza wawili kwa kukosa kwenda. Nilipowaambia pole, wakasema bado siku mbili afunge mwenyewe.

31 Agosti

Kukipambazuka tulikuwa wote chini ya mlima, hatuinui macho. Mimi wa kwanza kuinua, kwa kuwa ndimi mkubwa.

Jeupe.

Jeupe, nasema, hata mawingu yaliona aibu! Jeupe bila kung'aa kwa uongo, weupe wa unga uliochekechwa mara tatu, na jua lilipotoka likawa la waridi kwanza kisha la dhahabu kisha halitazamiki. Zoubir alipiga filimbi mpaka pumzi ikamwisha. Akina mama wakapiga vigelegele toka kila paa. Bi Mokhtaria alishika kuba kwa mkono wake, akautazama mkono: safi. Akalishika kuba tena kwa shela lake jeusi, akalionyesha watu wote: safi.

"Miloud," akasema, na safari hii hakuniita kama paka.

Farasi wamekimbia, baruti zimelia, kuskusi imeliwa na watu elfu. Ndugu wa Ufaransa wamepiga picha zile zile kwa upole. Mimi nimekaa chini ya ukuta wa kuba kama bwana harusi. Kila aliyenipa mkono nilimwambia nani alipaka upande gani. Niliyataja majina yote kumi na manne, na langu mwisho. Karibu mwisho.

1 Septemba

Miavuli imefungwa. Ukutani: tisa.

2 Septemba

Kumi na mmoja. Kouider amepita na kopo la rangi ya waridi, ananuka furaha.

4 Septemba

Wamekuja! Watunzaji watano kutoka milimani, kwa gari moja, wamebanana. Makuba tisa na misikiti miwili, na wanataka kabla ya mvua kubwa. Mmoja akaniuliza ni nani mkubwa wa kazi. Nikamwonyesha Ghalem. Wakashangaa, na yeye akashangaa kuliko wao.

Ghalem akatandika karatasi mezani kwangu, akachora milima yote, mabonde yote, mvua inaanzia wapi na inafika wapi siku ngapi baadaye. Vijiji vya juu kwanza, kisha kuteremka na mvua nyuma yetu, pwani mwishoni kabisa, Desemba. Watunzaji walimwinamia kama wanafunzi. Ile jiografia kumbe ilikuwa inangoja nayo.

9 Septemba

Nane wamekwenda milimani na Ghalem. Shimo langu linakwisha, kwa hiyo Zoubir amefungua tena tanuru langu la zamani la kuchomea chokaa, anatafuta watu wa kubeba mawe. Ukutani: wawili.

12 Septemba

Mmoja. Ana homa.

15 Septemba

Ijumaa. Tumetoka msikitini mji mzima ukaja nyuma yangu na Kouider. Ukutani hakuna mtu. Si mmoja, si nusu. Kouider alikagua hadi nyuma ya pipa la taka. Kisha akavua kofia akasema kwa sauti, ili nisije nikamlazimisha: "Ukuta ni mtupu."

Septemba! Mwaka wa kumi na tisa, na ni Septemba!

16 Septemba

Duka la rangi la Kouider limepakwa chokaa mbele yote na bango pia. Kijivu. Atalala vibaya, nadhani.

17 Septemba

Duka jeupe. Kouider amesimama nje asubuhi nzima akijifanya anafagia, kumbe anatazama.

18 Septemba

Ghalem amepiga simu kutoka juu. Kuba la tatu ni kubwa kuliko walivyosema, anahitaji mikono miwili zaidi kesho. Nikamwambia, "Mwanangu, saa moja nakupatia. Nani anajua wasio na kazi kuliko mimi?"

Nikaenda ukutani kwangu: hamna. Nikashuka ukuta wa soko: hamna. Ukuta wa shule ya zamani, ambako tangu nizaliwe kumekuwa na watu wamekaa: mbuzi. Nikaenda bandarini, magoti yakinilaani, nikawakuta wawili wameegemea. Nikafurahi kama niliyeokota dhahabu.

"Nyie, wanangu! Hamna kazi?"

"Tunayo, Ami Miloud. Tunangoja lori la Zoubir, tunakwenda tanuruni."

Nimezunguka mji mzima, mimi Miloud Bouterfas, kutafuta kijana asiye na kazi, na sikumpata. Nimekaa nikacheka barabarani peke yangu hadi watu wakaniletea maji.

Basi nimepiga simu kwa Ghalem nikamwambia mikono miwili imepatikana. Ina makunyanzi, lakini inajua. Brashi nimeilowesha, viatu viko mlangoni, gari linanipitia alfajiri.

Nimeandika kama ilivyokuwa. Anayeona nimeongeza chumvi amuulize Bi Mokhtaria, mtunza kuba la Sidi Djelloul, aliyenipigia kelele nishuke. Amuulize Nacera binti wa dada yangu, maana hesabu ni kazi yake. Amuulize Ghalem aliyeishika kamba, na Zoubir, kama atamsubiri ashuke kwenye lori. Na akitaka shahidi asiyenipenda, Kouider yuko dukani kwake, ndani ya jengo jeupe kuliko yote mjini, na hata yeye hataweza kukana.